Meli Imefika, Mimi Nimeshukia Nosy Be

Ambondrona, Nosy Be
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kaka yangu mpenzi Athumani,

Assalaam aleikum. Najua sasa umesimama gatini Kilindini na kofia yako ya viua, umemkagua kila mwanamke aliyeshuka, na badala yangu amekujia baba wa Kingazija, mpishi wa melini, akakupa bahasha hii. Usishtuke. Sijafa, siumwi, wala sikutumbukia baharini. Ni mzima, isipokuwa macho yamekataa herufi ndogo na goti la kushoto hunipa habari ya mvua kabla haijanyesha. Na wewe je, kile kifua? Wifi yangu miguu imepungua kuvimba? Tafadhali tafuta mahali ukae kwanza, maana nakujua, ukisoma umesimama unakasirika upesi.

Umekaa? Haya. Mimi siji. Nimeshuka Nosy Be na hapa ndipo nitakapokaa. Kama wifi ameshapika wali wa kunipokea, waiteni majirani wale, msiutupe.

Sikukudanganya, kaka. Barua yako nilipoipokea Mahajanga nilikubali kwa moyo mmoja. Uliandika kwamba sasa nanyi mmepata bendera yenu, kwamba mjane hana sababu ya kuzeekea ugenini, kwamba chumba cha marehemu mama umekipaka chokaa na kuninunulia kitanda. Nililia kwa kile kitanda. Nikafunga sanduku, nikaagana na Zaina na watoto wake, nikapanda meli. Nilikuwa nakuja.

Zaina asilaumiwe kwa lolote. Tangu alipokuja kunichukua baba yake alipofariki, amenitunza pale Mahajanga kama mtoto mchanga, na hilo ndilo lililonichosha. Nikishika ndoo ananinyang'anya. Nikikaribia jiko, ‘Mama, pumzika.' Mumewe, mtu mpole sana, ananiamkia na kuniuliza kama nimelala vizuri, kama mgeni wa hoteli. Basi jioni nilikuwa natoka kwenda kutazama feri ikirudi kutoka Katsepy na watu na kuku wao, ili mradi niwaone watu wenye shughuli. Wajukuu zako nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kimalagasi wakicheka. Kiswahili changu chenyewe kimeanza kushika kutu, utaona humu.

Na kila mvua ilipokuwa inapiga bati, nilikuwa nawaza kaburi la Baba Zaina huku kisiwani. Hilo sikukuandikia, kwa sababu nilijua utaniambia maiti ni wa Mungu. Ni kweli, ni wa Mungu. Lakini kuna jambo moja hujawahi kulisikia, nalo lilitokea katika safari yetu ya mtoni, mwaka ule tuliporudi Hijja. Ulipopanda melini Kilindini kutuona tulikusimulia Makka tu, na Baba Zaina akakuonyesha doa la mafuta kwenye kanzu yake mpya. Sasa nikwambie doa lile lilitoka wapi.

Unajua shemeji yako alifanya kazi ya mitambo maisha yake yote kwenye boti za mto Betsiboka, zile zinazopandisha bidhaa Marovoay na kuteremsha mpunga Mahajanga. Alipostaafu tulihamia hapa kwao. Nikasema sasa atapumzika. Wapi! Alfajiri ananigutusha, eti moto uwashwe, mvuke haujapanda. Bawaba ikilia anaipaka mafuta. Cherehani za mtaa mzima amezifungua, nyingine zikarudi zikishona, nyingine zikarudi na misumari iliyobaki mkononi. Siku moja nilimkuta kwa jirani yetu Mama Soa amelala chini ya kitanda chake na kopo la mafuta, kitanda kinapiga kelele, na Mama Soa amesimama mlangoni kajifunika uso kwa aibu. Jioni anakaa barazani anasikiliza mashua za injini zikitoka Ambatoloaka. ‘Ile inakohoa,' ananiambia. ‘Ile nyingine haifiki mwezi ujao.' Na mara nyingi ilikuwa hivyo.

Basi kule Makka akakutana na baba mmoja wa Kisudani aliyewahi kuuza nguo Mombasa, akasikia habari za boti za mto Naili zenye gurudumu kubwa nyuma. Kwisha maneno. Badala ya kurudi njia tuliyojia, tukavuka bahari hadi Sudani pamoja na yule baba, tukapanda treni ya jangwani iliyotujaza mchanga masikioni, tukafika mtoni tukapanda boti inayoteremka kwenda Misri. Kaka, ilikuwa mara ya kwanza mume wangu kupanda boti ya mto akiwa abiria, na hakujua afanye nini na mikono yake. Nilimtandikia mkeka kivulini, nikampa chai. Akanywa, akasikiliza, akasema, ‘Beringi ya upande wa kulia ina kiu.' Nikamwambia akae, yeye ni Haji sasa. Akakaa kama mtu aliyekalia siafu, kisha akatoweka. Aliporudi kanzu imeshaingia doa, na chini wale mafundi walikuwa wanamwita ‘ustadhi'. Sijamwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yetu. Mto tu ndio hakuuamini. Ule wa kwetu una maji mekundu kwa udongo, na yeye akashikilia kwamba mto usio na rangi unaficha kitu.

Siku ya pili tukapita kijiji cha Wanubi. Nyumba nyeupe zenye sahani zilizopachikwa juu ya milango, na pembeni, juu kidogo ya mto, makaburi. Abiria mmoja aliyevaa suti akanyoosha kidole kumwonyesha mwenzake. Kaka, umeishi mbali na huku, hujui. Huku kwa akina shemeji yako kaburi halinyooshewi kidole, ni mwiko mkubwa. Ukitaka kulionyesha unakunja kidole, unaelekeza kwa kifundo chake. Hata watoto wadogo wanajua. Baba Zaina alikuwa mtu wa msikiti, lakini jambo hili alilinyonya kwa mama yake. Akaruka kutoka mkekani, akakishika kidole cha yule bwana, mtu hamjui, hajawahi kumwona, akakikunja!

Pakawa hapatoshi. Bwana wa suti anapiga kelele anaibiwa pete, mwenzake anamshika Baba Zaina kanzu, mimi namvuta mume wangu huku nasema ‘samahani' kwa lugha zote ninazozijua, na hakuna inayosaidia. Yule rafiki yetu Msudani ndiye aliyeingia kati akaeleza. Watu wakacheka, bwana akasusa akahamia upande wa pili.

Ila palikuwa na bibi kizee wa Kinubi ameketi karibu nasi na mtungi wake mdogo wa maji, na yeye hakucheka. Aliuliza mara mbili Msudani amesema nini. Kisha akanyanyua mkono wake mwembamba, akakikunja kidole vile vile alivyoona, akaelekeza makaburini. Msudani akatutafsiria: ‘Anasema, pale yupo mume wangu.'

Akatueleza kwamba kwao mtu huwekewa bakuli la maji kaburini, na yeye alikuwa anatoka kwa mwanawe kuja kulijaza. Na kwamba serikali inajenga bwawa kubwa, maji yatapanda yafunike kijiji na makaburi, na wao watahamishwa mbali. ‘Wameniambia nitapewa nyumba mpya yenye bomba,' alisema. ‘Nikawauliza, na huyu nitamwonyesha nani, na nimwonyesheje, akiwa chini ya maji?' Boti ikasogea ukingoni, akashuka na mtungi wake, nasi tukamtazama mpaka mto ulipokata kona.

Baba Zaina hakurudi kwenye mitambo siku ile. Alikaa mkekani mpaka magharibi. Kisha akaniambia, ‘Mama Zaina, usije ukaniacha mahali ambapo hakuna wa kunionyesha.' Nikamtania, nikamwambia anajuaje kama si mimi nitakayetangulia? Hakucheka. Nikamwambia, ‘Sitakuacha.' Maneno hayo nilimpa, kaka, na nilimpa nikiwa na akili zangu timamu.

Alipofariki nilimwekea bakuli, bakuli jeupe la bati alilokuwa akinywea uji. Usiniambie ni mambo ya washirikina. Ndege wanakunywa, na sadaka ni sadaka. Kisha Zaina akaja na machozi yake, nami nilikuwa sina nguvu ya kubishana, nikaenda.

Sasa jana asubuhi meli ikatia nanga hapa. Wakasema itapakia sukari hadi leo jioni, mwenye kutaka kunyoosha miguu ateremke. Karani wa bandarini akaniuliza, ‘Mama, unapita au unabaki?' Nikamjibu, ‘Napita.' Nilikuwa nataka kumuaga mume wangu tu, nimjazie maji, nirudi melini. Lori la wapakiaji likanifikisha karibu, nikampitia Mama Soa, tukaenda makaburini wawili.

Kaka, sikumwona. Mvua za mwaka huu zilikuwa kubwa, udongo umeporomoka kutoka juu, mawe niliyompangia yametawanyika, majani yamefika magotini, na pembeni pake wamezikwa watu wapya. Mama Soa akakunja kidole akasema, ‘Si lile?' Nikamwambia si lile. Mlinzi wa makaburi akaja, naye akakunja kidole akaonyesha jingine, kisha akasita akaonyesha la tatu. Alikuwa na aibu, maskini. Akasema, ‘Mama, ulipokuwepo wewe tulikuwa hatuna haja ya kukariri.'

Nilimpa mtu neno langu, na miezi michache tu nimekaa kwa binti yangu nikinyang'anywa ndoo, tayari amepotea! Nikapiga magoti, goti bovu na zima yote mawili, nikaanza kupapasa. Nilikumbuka nilikuwa nikikaa hapo naona pengo kati ya minazi miwili na bahari ndani yake. Nikalitafuta lile pengo kwa macho na kusogea nalo, nikichimba kwa vidole, na Mama Soa naye kapiga magoti bila kuniuliza kitu. Hatimaye kucha ikagonga bati. Bakuli lilikuwa limefukiwa, limejaa tope mpaka ukingoni. Nikalitoa, nikalia kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku ya mazishi. Kisha nikaliosha, tukalijaza maji, tukayarudisha mawe.

Nilipotoka pale sikuwa na la kufikiri tena. Nilirudi bandarini kuchukua furushi langu la nguo na Msahafu. Karani yule yule akaniuliza kama nimesahau kitu, meli haijaondoka. Nikamwambia, ‘Andika nabaki.' Akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi, swali wanalotuuliza sana siku hizi tangu nchi iwe huru, na miaka yote lilikuwa linanipa kigugumizi. Jana nikamwambia, ‘Wa Ambondrona, nyumba ya fundi mitambo.' Akaandika.

Basi usitume mtu kunichukua, na usimwandikie Zaina kumwambia anishawishi. Yeye nitamkabili mwenyewe, na kusema kweli namuogopa kuliko wewe. Nimemwagiza mlinzi mawe mapya. Leo nimefagia nyumba, nimetoa buibui nusu ya kisiwa, na kesho nitawasha jiko nipike mikate ya kumimina, maana Mama Soa amenihakikishia wavuvi wataimaliza kabla ya saa mbili. Uzee wangu upo hapa, kaka, na una kazi.

Sanduku nimeliacha melini liendelee na safari. Ni lenu tangu mwanzo. Wifi yangu mpe vanila na mkeka mpana. Shangazi yetu, kama bado anavuta pumzi na kugombana, mpe ile shuka ya hariri, asimpe mtu. Mke wa mwanao mkubwa, aliyejifungua, ana kitambaa chekundu cha mtoto. Msalimie jirani yetu fundi seremala aliyekitengeneza kile kitanda, mwambie mkono wake nimeusikia hata kabla sijakilalia. Wewe una kofia, ipo chini kabisa. Nilikuwa nataka nikuvalishe mwenyewe.

Na kitanda usikigawe. Nitakuja kukilalia usiku kadhaa Mungu akinijalia, kisha nitarudi. Ila kwanza njoo wewe, kaka, meli hii hii inarudi huku. Sikuiti uje kunibembeleza. Nataka uje uone pengo lile la minazi na uyashike mawe kwa mkono wako, maana pembeni yake nimeomba nafasi yangu, na bakuli moja litatutosha. Siku hiyo ikifika, watoto wa Zaina watakuuliza bibi yuko wapi. Uwe unajua, Athumani. Na ukiwaonyesha, ukunje kidole.

Dada yako akupendaye,
Mwanaisha, Mama Zaina