Baba, Nimeiona Sakitu ya Makete

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Kabula wako, na leo sikuandikii kwa machozi. Nimeiona! Nimeiona kwa macho yangu haya mawili, na nimeilamba.

Ngoja nianze na habari za nyumbani, maana najua ungeniuliza hizo kwanza. Mama hajambo. Mwaka mzima tangu tukuzike pale nyuma ya nyumba, bado anakupakulia ugali kisha anajicheka mwenyewe. Bustani yako nimeishika mimi. Kabichi zimefunga vizuri, ingawa vumbi la malori yanayokwenda Bugarama ni lile lile, kila asubuhi nazimwagia maji juu kama ulivyokuwa ukifanya. Na siku hizi nauza viazi mviringo pale Kagongwa. Hivyo viazi ndivyo vilivyonipeleka Makete, kule kule ulikokwenda kupasua mbao ujanani.

Baba, nina jambo la kukiri kabla sijaendelea. Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu aliuliza nani amewahi kusikia habari za barafu. Nikanyoosha mkono, nikasema baba yangu aliona kabichi zimefunikwa weupe asubuhi, tena hapa hapa Tanzania, si kileleni mwa mlima. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikakukuta unapalilia, nikakwambia, "Baba, acha uongo, unatuaibisha." Hukunipiga. Uliendelea kupalilia, na tangu siku ile hukunisimulia tena habari za Makete. Nimelibeba neno hilo miaka yote, Baba. Uliugua, ukalala kitandani miezi mitatu, nikakuogesha kwa mikono yangu, na bado nilishindwa kusema nisamehe.

Na kijiji chetu chote cha Segese kilikuita Mzee Barafu. Hili linaniudhi mpaka kesho! Watu walirudi kutoka maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, na hadithi za mawe ya dhahabu makubwa kama kichwa cha ndama, hakuna aliyeyaona, wakaaminiwa na kununuliwa soda. Wewe ulirudi na habari ya majani tu, ukaitwa mwongo. Hata siku ya mazishi, mtani wako Mzee Shabani, yule fundi cherehani, alikaa juu ya udongo wa kaburi na kipakti cha barafu ya ukwaju mkononi, akapiga kelele, "Hashuki mtu hapa! Huyu bila barafu yake hatalala!" Watu wakacheka katikati ya kilio, na Mama akacheka. Utani ni utani, na bila mtani msiba haunogi. Akapewa kuku wake ndipo akapisha. Lakini mimi nilicheka huku nikilikumbuka neno langu lile.

Sasa sikia. Mwezi wa saba nilifika Makete na lori, nikalala kwa Mama Neema, mkulima anayeniuzia viazi. Baridi ile, Baba! Nililala na khanga tatu, blanketi mbili na soksi za dereva. Alfajiri nikatoka kwenda msalani, kumeanza kupambazuka, nikaangalia bustani ya yule mama. Nyeupe. Nyeupe yote! Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri magadi. Si huku kwetu mbugani udongo ukikauka ukatoa weupe tunajua ni magadi, ng'ombe wanafurahi kuramba lakini mboga zimekwisha? Nikamwonea huruma mwenzangu. Nikasema moyoni, maskini, udongo wake umekufa na hajui. Nikainama nifanye kama ulivyonifundisha, kupima kwa ulimi. Nikalamba jani la kabichi.

Halikuwa na chumvi. Lilikuwa baridi, likaniuma ulimi, kisha likawa maji.

Baba, nilipiga yowe. Mama Neema akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani nimeumwa na nyoka. Mimi nimepiga magoti kwenye tuta, nalia na kucheka, nasema, "Ni kweli! Ni kweli!" Akanishangaa. "Hiyo si sakitu tu, dada? Mbona kila mwaka ipo?" Sakitu. Kumbe ina jina, na watu wanaitaja kama sisi tunavyotaja vumbi.

Nikakaa pale pale nikaitazama kwa ajili yako. Ukingoni mwa kila jani la kabichi vimeota vindevu vyeupe, vifupi, vimesimama. Mishipa ya jani imechorwa yote, hata ile midogo. Uzi wa buibui kwenye njegere umenenepa, umeinama kwa uzito. Majani ya maboga yamekakamaa, ukiyagusa yanalia. Jua lilipotoka, bustani nzima ikawaka, Baba, ikawaka mpaka nikaziba macho, kisha ikaanza kudondoka tone moja moja. Mama Neema alisema kabichi huvumilia, ila viazi vikikutwa nayo huungua majani. Uliyasema haya yote. Hukuongeza hata punje.

Nikapiga picha za video mpaka simu ikajaa. Niliporudi Segese sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Shabani na vumbi langu la safari. Akatazama. Akasema, "Huo ni unga wa muhogo, wamemwaga." Nikamwambia tazama tena. Akavaa miwani, akatazama mara tatu, na watu wakajaa barazani. Jumapili alikuja nyumbani mwenyewe, na kuku kwapani. Akasimama kaburini kwako, akavua kofia, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mtani, nimekuonea. Uliona." Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi!

Kisha nami nikasimama. Nikasema mbele yao wote kwamba mimi, mwanao, nilikuita mwongo, na kwamba nimelirudisha neno lile. Niliogopa nitalia, Baba, lakini sauti ilitoka imenyooka.

Basi pumzika. Nakuahidi mwezi wa saba ujao nampeleka Mama Makete. Amekataa kuiona kwenye simu, anasema atainama mwenyewe kwenye tuta. Na wajukuu zako watakapouliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani, nitawaambia alikuwa mtu aliyesema alichokiona.

Wabeja, asante sana, Baba. Nisamehe.

Kabula