Kifungo cha Baba

Mwenzangu, uko hapo? Nakuandikia nikiwa gereji.

Zile taa za breki za gari la baba zimegoma kuzimika. Unazima gari, unatoa ufunguo, zenyewe zinawaka tu mpaka betri inakufa. Nimebadilisha balbu, nimebadilisha fyuzi, wapi!

Leo fundi kaingiza kichwa chini ya usukani, akatoka anacheka. "Dada, kifungo cha mzee umekipeleka wapi?"

Kifungo gani?

"Kile kipira cha kwenye pedali, kinachobonyeza swichi ili taa zizime, kilikatika zamani. Mzee akagandisha kifungo cha koti mahali pake. Nikamwambia kipira kipya kipo, akanijibu, 'Siku nikifa ndipo uweke chako.'"

Kifungo cha koti, mwenzangu. Cha kahawia!

Siku ile ya msiba nilisafisha gari, nikakiokota sakafuni, upande wa dereva. Nikadhani kimemdondoka. Wewe ndiye uliyenitungia uzi kwenye sindano, maana machozi hayakuniacha nione. Nikakishona kwenye koti lake.

Tukamzika nalo.

Fundi anasema kuweka kipira kipya si kazi. Nimemwomba asubiri kidogo, na sijui namsubirisha nini.

Nimekaa kwenye kiti cha baba. Pedali sijaigusa. Ukuta wa gereji nyuma yangu ni mwekundu wote, kama vile kuna mtu bado amekanyaga breki.