Mama Alitaka Kujua Nani Alinyanyua Mkono

Mdogo wangu Seif,

Leo nimepita uchochoro wetu wa Matrah, hapa Maskati, pale watoto walipokuwa wakipigana nawe ukiingia kati kuwaamua. Ukirudi nyumbani umevimba jicho, Mama akikukanda na kukugombeza: "We, ugomvi wa watu unakuhusu nini?"

Ulikwenda Ayalandi kusoma, ukaoa huko, ukachukua uraia, mwisho ukavaa gwanda la jeshi. Mama alilia. Ukampigia simu kumtuliza.

"Mama, nchi hii haina upande wowote. Sisi wanajeshi hatutoki nje ya nchi mpaka Umoja wa Mataifa uidhinishe, serikali ikubali, na Bunge lipige kura."

"Alhamdulillahi," akasema. "Milango yote hiyo! Mpaka ifunguke, nnajua mwanangu kesharudi."

Tangu hapo kila siku akiniuliza kama Bunge lenu limekaa. Sikuwa na pa kuisikia khabari hiyo, nikimjibu bado.

Kisha ukapiga simu ukiwa uwanja wa ndege, unakwenda kulinda amani Afrika Magharibi. Mama akashtuka: kura ilipigwa lini? Ukamweleza kwamba mnakwenda wachache, na wanajeshi wasipozidi kumi na wawili, sheria hailazimishi Bunge kuulizwa.

"Na mimi je, nani kaniuliza?"

Ulicheka. Nilikuwa nimesogeza sikio kwenye simu, nikisikia unavyopumua.

Hukupigwa risasi. Gari lenu lilipinduka kwenye barabara ya matope, wewe peke yako hukuamka. Mkeo akakuzika kwao, kwenye makaburi ya Waislamu, nasi tukakusomea khitma hapa. Watu walipotawanyika Mama akanishika mkono. "Hivyo hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono Bungeni mwanangu aende?"

Silaumu sheria, Seif. Pengine Bunge lingekubali, nawe ungekwenda vilevile. Lakini ningependa mtu asimame mbele ya wenzake aseme wazi kwamba watu wanatoka, na wana mama zao.

Mama naye amekufuata. Majirani zangu ni wema, wananiletea chakula, tunazungumza Kiarabu. Kiswahili chetu cha nyumbani, alichotulea nacho Mama, sasa sina wa kusema naye. Juzi nilijikwaa mlangoni nikasema, "Ole wangu, Mama!" Nikashtuka kuisikia sauti yangu.

Mungu akulaze pema, mdogo wangu.

Dada yako, niliyebaki Maskati