Baba Hezroni, Wembe wa Mama Ni Mpya

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipolala, Baba yetu Hezroni Mwaisaka wa Bujonde, asubuhi ile ukungu wa ziwani ulipopanda mpaka kwenye majaruba na nyumba yetu ikawa haionekani hata kwa jirani. Mama anasema hukufa. Uliingia kwenye ukungu kwenda kutazama mpunga, na kwa kuwa unapenda kuzungumza na kila unayekutana naye, umechelewa njiani.

Huwa anakuona, Baba. Unamjia akiwa kati ya usingizi na kuamka, suruali umeikunja magotini, unanukia kakao inayochacha chini ya majani ya migomba. Unafungua kile kikopo chako cha bati cha kuwekea wembe, unamwonyesha kuwa ni kitupu, unatabasamu, basi.

Nani Bujonde hakukijua kikopo kile? Kila msiba ulipokwisha, wafiwa walikaa kwenye mkeka uwanjani nawe ukawanyoa mmoja baada ya mwingine, kwa wembe mmoja na bakuli la maji ya moto. Mkono wako ulikuwa mwepesi mpaka watoto walisinzia. Kubadilisha wembe katikati ya ukoo tuliona ni kuwatenganisha ndugu, ndivyo tulivyokuta. Mwisho ulimkabidhi baba mdogo Lameck wembe uleule, ukasema, "Kinyozi hajinyoi," ukainamisha kichwa.

Halafu Lusungu, binti yako mkubwa, akajifungua kwa upasuaji, ikahitajika damu. Ulikuwa wa kwanza kukunja shati, na damu yako ikakataliwa. Nesi Marystella, mgeni wa Tabora ambaye Kinyakyusa chake kiliishia kwenye "ndaga", yaani asante, alikuita pembeni.

"Mzee, kipimo kinaonyesha homa ya ini, aina ya C. Inapita kwenye damu."

"Mwanangu, mimi pombe siijui hata ladha. Ini langu limekosa nini?"

"Siyo pombe, mzee. Inaweza kuwa sindano, inaweza kuwa wembe, ulikoipata hatuwezi kujua. Kipimo cha kuthibitisha kipo Mbeya. Dawa ipo, na inaponya."

Ulirudi nyumbani, ukaufukia wembe, ukanyamaza miezi mitatu. Wewe, mzee wa kanisa, uliogopa, maana watu wakisikia ini wanamnusa mtu mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo wewe ndiye uliyetufundisha! Tunakusema kwa upendo, Baba, lakini tunakusema.

Mama alipojua, akaifunga kadi ya bima kwenye pindo la kanga na kuanza safari. Kadi ilikubalika zahanati, ikakubalika wilayani, lakini bila rufaa haikuweza kupanda Tukuyu kufika Mbeya. Rufaa ilipopatikana, kadi ilikuwa imeisha muda. Kadi ilipohuishwa, rufaa ikawa imezeeka. Na dawa zenyewe hazikuwemo kwenye kadi. "Nimesimama kwenye madirisha mengi kuliko ya nyumba zote za Bujonde," alisema. Mlipofika Mbeya tumbo lako lilikuwa limejaa maji, na daktari akasema ini limeshakakamaa. Siku hiyohiyo Mama naye alipimwa. Alikuwa na virusi, ila ini lake lilikuwa bado zima.

Kakao ilikuwa juani wakati huo, na yote tulikuwa tumeitenga kwa ajili ya dawa zako. Ulikaa barazani ukaitazama kwa muda mrefu.

"Mama Lusungu, hii kakao ni yako. Dawa umeze wewe."

"Baba Lusungu, usinitanie. Utaanza wewe."

"Mimi nimeshachelewa. Nakuomba kitu kimoja tu, usinifuate."

Hatukuwahi kumwona Mama akilia vile. Alikukubalia, na alikukasirikia pia, Baba, huo ndio ukweli.

Msiba wako ulipokwisha kila mtu alikuja na wembe wake kwenye karatasi, kama ulivyoagiza. Mama peke yake alikataa kunyolewa. Akina mama wa ukoo walinung'unika, mjane gani huyu na nywele zake?

"Nitanyoa siku nitakapokuwa na habari ya kumpelekea," akawaambia.

Alimeza kidonge kila asubuhi kwa wiki kumi na mbili, kwa maji ya chungu alichokuja nacho kutoka kwao Matema, akitazama upande wa mpunga. Kisha akangoja wiki kumi na mbili nyingine ndipo apimwe. Nywele zilikua, nawe ukaendelea kumjia na kikopo kitupu.

Juzi Marystella alikuja mwenyewe kwa bodaboda, alishindwa kungoja twende. Virusi havionekani tena. Mama aliketi chini kando ya kakao, akasema "ndaga, ndaga fijo," tena na tena. Hatujui alikuwa anamshukuru nesi au wewe.

Jumamosi hii, baada ya ibada nyumbani, baba mdogo Lameck atamnyoa. Marystella atakuwepo na vipimo. Ndugu wote tuliowahi kukaa kwenye mkeka wako tutapima, kila mmoja na wembe wake mkononi.

Unakumbukwa na mkeo Tusekile. Wanao Lusungu, Jackson na Kisa. Mdogo wako Lameck. Na mjukuu wako uliyetaka kumtolea mama yake damu, ambaye tumempa jina lako.

Daima utabaki wetu, Tata. Ukimjia tena Mama, usikifungue kikopo. Wembe upo kwenye pindo la kanga yake, mpya, na yeye ni mzima.