Nyonga ya Mjusi wa Bibi Shanta

Jumatatu, 3 Juni 2024
Masanduku manne yamepandishwa stoo leo. Nilidhani ni mabelo ya vitenge. Kumbe mifupa. Mimi kwenye mifupa ni mwenyeji — miaka arobaini bucha, hapa hapa Kariakoo, kabla Bibi Shanta hajanipa ulinzi wa stoo juu ya duka lake.
Mwenye mifupa ni Hinal, mjukuu wa Shanta. Ni daktari wa dinosaria. Ofisi yao ya Posta inakarabatiwa, kahamia huku kwa muda. Mzigo wenyewe umechimbwa kusini: mfupa mmoja wa paja, nusu nyonga, pingili tisa za mkia. Kichwa hakuna. Nikamwambia, mjukuu wangu, hapo umepunjwa, hata supu ya watu wanne haitoki. Akacheka. Na hajaonja nyama tangu azaliwe! Ukoo mzima wanakula mboga, halafu yeye kazi yake mifupa.

Jumanne, 4 Juni
Nimemuuliza anatafuta nini hasa. Anasema anataka kujua huyu mnyama ni spishi inayojulikana au mpya. Inabidi apate kitu mfupani ambacho dinosaria mwingine yeyote hana. Akikipata, ana haki ya kumpa jina. Profesa wake anataka ripoti Jumanne ijayo, saa kumi.
Jina analo tayari. La bibi yake.
Nikashuka dukani nikamwambia Shanta: miaka yote nakuita mjusi unanuna, leo sayansi imekubali, mjusi mkubwa wa kale anapewa jina lako. Kanirushia rula ya kupimia vitambaa. Ilinikosa.

Jumatano, 5 Juni
Hinal kaenda mkutanoni Posta. Kaniachia kazi: ule mfupa wa paja, upande wa juu bado umefungwa gunia na plasta waliyoupaka kule ulikochimbwa. Niufungue taratibu, nizibe nyufa kwa plasta nyeupe. Basi.
Nimeufungua. Kichwa cha paja kimelika, kidogo, kimesinyaa. Nikakipeleka kwenye shimo la nyonga — kinacheza kama jino la mtoto. Nikaona aibu. Kwetu Machame mbuzi hakatwi kwa shoka. Anafunguliwa kwa kisu, kiungo kwa kiungo, maana kila kiungo kina mwenyewe: hiki cha shangazi, hiki cha mjomba. Ukimpelekea mtu kiungo kibovu utasemwa mpaka Krismasi.
Basi nikakijaza. Plasta nikaichanganya na vumbi la tofali na chai ya rangi, nyeupe ingeonekana kama kiraka. Nikapiga msasa. Kimekaa nyongani — tuli.

Ijumaa, 7 Juni
Hinal amepima paja mara tatu. Amefungua vitabu vyake, amepima tena. Kisha akakaa kwenye ndoo.
Anasema kichwa cha paja ni kinene na duara kupita kiasi. Hajaona hivyo popote. Ndicho alichokuwa anatafuta. Akanikumbatia, mimi na jasho langu. Akasema, babu, tumempata.
Nikacheka ndani kwa ndani, kama dakika moja. Halafu kicheko kikaisha. Nikaenda kununua vocha ambayo sikuihitaji.

Jumamosi, 8 Juni
Shanta ameshawaambia wote mtaani. Muuza nazi ananiuliza kama mjusi wa Bibi Shanta atawekwa kwenye noti.
Nimenunua nazi mbili.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa naangalia magoti ya watu wakipiga magoti na kuinuka, yalivyokaa vizuri.

Jumatatu, 10 Juni
Nimesema. Nimemkuta anaandika ripoti. Nikamwambia, Hinal, kile kichwa cha paja ni changu.
Chako vipi, babu?
Nimekipika mwenyewe. Tofali na chai.
Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema babu na utani wako, niache niandike. Nikarudia. Akacheka tena. Hayo ndiyo malipo ya mdomo wangu — nimemtania kila mtu mpaka ukweli wangu hauna mnunuzi.
Nikachukua kisu, nikakwangua. Vumbi jekundu likamwagika mezani. Akaacha kucheka.
Hakunifokea. Alichukua pamba na dawa yake, akafuta taratibu, mpaka kile kichwa kidogo kikabaki uchi. Nikamwambia lakini hakikukaa, mjukuu wangu, kilikuwa kinacheza. Akasema kinatakiwa kicheze. Mnyama akiwa hai hapo katikati palikuwa na gegedu nene. Limeoza, limebaki pengo. Pengo ndiyo sehemu yake, babu.
Nimetoa gegedu kwenye viungo miaka arobaini. Nikawa nawatupia mbwa. Halikunijia akilini hata mara moja.
Amefuta ukurasa mzima. Jina la bibi yake amelifuta pia. Shanta bado hajaambiwa. Nimeomba nimwambie mimi.

Jumanne, 11 Juni
Nimemwambia Shanta. Kaniangalia juu ya miwani, akasema: Elisaria, hata mjusi umeniharibia. Akanipa chai. Sukari hakuweka.
Ripoti saa kumi. Sasa ni saa nane na nusu, naandika nikiwa stoo. Hinal kanipa zile pingili tisa. Kasema yeye atapima, mimi nizipange, vidole vyangu vinajua viungo. Zisipokaa nimwambie. Nisizikalishe.
Ya kwanza hadi ya tano zimekaa vizuri, kama mkia wowote. Ya sita ina kibega, kinundu cha mfupa kilichochomoza upande wa chini, kama ukucha uliokunjwa. Ng'ombe hana. Mbuzi hana. Kenge niliyemuua Ilala mwaka wa mafuriko hakuwa nacho. Nimekikwangua kwa ukucha: si plasta, ni jiwe. Ya saba nayo inacho. Ya nane nayo.
Nimemwita. Ameuliza bila kugeuka: utani au kweli?
Nimesema kweli.
Amesema namalizia kipimo hiki, babu, shikilia hapo hapo, usisogeze.
Nimeshika kwa mkono wa kushoto. Huu wa kulia ndio unaoandika. Nasikia anasukuma kiti, anakuja.