Hati ya Obadiah Pruitt na Chemchemi Iliyofungwa

CHAMA CHA WAKUSANYAJI WA HATI KONGWE, TARBOX MILL, RHODE ISLAND
Kikao cha Jumamosi, 14 Oktoba 2017, saa nne asubuhi, chumba cha nyuma cha maktaba

WALIOHUDHURIA
Bw. Alden Pruitt – Mwenyekiti
Bi. Mercy Wixom – Mjumbe, mwalimu mstaafu
Bi. Lorna Stanbrook – Mgeni mwalikwa, Mnarragansett (wenyeji asilia wa eneo hili), msusi wa mikeka ya matete
Bw. Enos Lathrop – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Rufus Tefft – udhuru wa mgongo. Katibu alimpita njiani akipasua kuni.

KUMB. NA. 1/10/2017: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba mhenga wake, Obadiah Pruitt, ndiye aliyekinunua kilima chote cha mji huu. Wajumbe walikumbuka, kwa kuwa hukumbushwa kila kikao tangu 1998.

KUMB. NA. 2/10/2017: HATI YA 1684
Mwenyekiti alieleza kwamba ameitoa hati ya Obadiah ya kununua kilima kwenye fremu ili chama kiithibitishe, kisha itundikwe ukumbi wa mji. Alipoulizwa kama amewahi kuisoma, alijibu kwamba mwandiko wa kale unamuumiza macho, ila maana yake anayo kwenye damu.

Bi. Wixom, ambaye peke yake chamani anaujua mwandiko huo, aliisoma kwa dakika ishirini bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha alieleza kwamba Obadiah aliuziwa kilima na mwanamke mkuu wa Wanarragansett, lakini chemchemi na matete yake havikuuzwa. Wajukuu wa mama huyo watachota na kukata "milele, pasipo kumwomba mtu ruhusa".

Mwenyekiti alisema, "Mercy, hebu soma tena." Ilisomwa tena. Aliomba isomwe polepole. Ilisomwa polepole, maneno hayakubadilika.

KUMB. NA. 3/10/2017: CHEMCHEMI
Bi. Stanbrook alieleza kwamba kwa miaka kumi na moja amemwandikia Mwenyekiti barua kila vuli, akiomba afunguliwe lango la chemchemi aingie kukata matete, kama marehemu mama yake alivyoomba kabla yake. Mwenyekiti alikiri kuzipokea.

"Nilidhani nalinda mali ya babu," alisema.

"Ulikuwa unalinda mali ya bibi yangu, mzee," alijibu Bi. Stanbrook. "Na umeilinda vizuri, hata sisi wenyewe hatukupita."

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Bi. Wixom alipendekeza hati itundikwe vilevile, pamoja na maneno yake kwa herufi kubwa. Mwenyekiti aliweka kidole kando ya alama aliyoichora Obadiah badala ya saini, kwa kuwa hakujua kuandika. Alisema, "Huyu alikubali. Mimi nikatae kama nani?" Aliunga mkono hoja. Ilipita.

KUMB. NA. 4/10/2017: KUFUNGA
Mwenyekiti alimpa Bi. Stanbrook ufunguo wa lango. Bi. Stanbrook aliurudisha, akisema asiyehitaji ruhusa hahitaji ufunguo, na kwamba kinachotakiwa ni lango lenyewe kung'olewa. Mwenyekiti aliuliza lini. Aliambiwa leo ni siku nzuri.

Kikao kilifungwa saa sita kasoro robo. Wajumbe walielekea chemchemini kwa gari la Katibu, Mwenyekiti akiwa kiti cha mbele na bisibisi mapajani.

A. Pruitt, Mwenyekiti (amesaini baada ya kuomba KUMB. NA. 1 ifutwe, haikufutwa)
E. Lathrop, Katibu