Barafu Chini ya Gari la Baba

Bonde la Shar Us, Zavkhan
Tarehe 9, mwezi wa kumi na moja

Dada yangu mpendwa Tungalag,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, unaimaliza vuli salama huko ughaibuni, Incheon? Ningekuuliza kama mifugo imenona, maana ndivyo tulivyofundishwa kusalimu, ila najua mifugo yako ni mashine za kiwandani za kukata mabati na hizo hazinoni. Huku kondoo wanaingia kwenye baridi wakiwa na mikia mizito ya mafuta. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Mke wangu Zolzaya naye hajambo. Tumbo limekuwa kubwa, na mkunga wa wilaya kasema mtoto atakuja katikati ya mwezi wa kwanza, yaani tisa ya tatu katika zile tisa tisa tunazohesabia siku za baridi, ile inayogandisha pembe za maksai. Sina haja ya kukueleza kwa nini siku hizo zinatutia hofu. Zikifika, baba atakuwa ametimiza mwaka tangu atutoke.

Usishangae kupata barua ya mkono, kama enzi zile ulipokuwa shule ya bweni. Nampa binti wa jirani yetu Chuluun anayekuja huko kusoma. Simu inashika juu ya kilima tu, na pale kilimani watu wa bonde zima husimama kusubiri zamu zao na masikio wazi. Nina jambo ambalo haliwezi kusemwa pale.

Kwanza nikupe habari za gari, maana najua unazisubiri. Ulipotuma zile hela za gari jipya ulisema neno moja tu, kwamba dubwana lililomuua baba lisimpakie mke wangu. Nilikuahidi. Wiki mbili zilizopita tukapanda lori la Chuluun hadi mjini Uliastai, mimi, Mama na Zolzaya, tukaenda kulitazama.

Muuzaji anaitwa Tuvshin, mtu mwenye maneno laini kuliko siagi. Gari lenyewe, dada, ni zuri, siwezi kulisingizia. Ni jeupe, limetoka Japani, linakwenda kwa petroli na umeme, viti vinajipasha joto vyenyewe, na badala ya kuzungusha ufunguo unabonyeza kitufe. Nilibonyeza nisisikie kitu, nikadhani limegoma. Tuvshin akacheka, akasema, "Kaka Baljir, mbona limeshawaka zamani hilo!" Mbele kuna kioo kama televisheni, na humo ndani mna mwanamke anayesema Kijapani. Alipoanza kuongea, Mama akamwitikia kwa adabu zote, "Sisi wazima, mwanangu, sijui ninyi huko." Zolzaya alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu msiba sijamwona akicheka vile.

Nikafungua boneti kuitafuta injini. Nikakuta kifuniko cha plastiki, chini yake kifuniko kingine, na waya nene za rangi ya chungwa ambazo Tuvshin alinikataza hata kuzisogelea. Unajua mimi nimekulia chini ya lile gari la Kirusi la baba, yule Mrusi wetu. Nimemfunga kwa waya wa uzio, nimemziba kwa ngozi ya mbuzi, na akanipeleka nilikotaka. Ana adha zake, ndiyo. Anakunywa maji ya kawaida, na wakati wa baridi lazima kila jioni uyamwage yote yasije yakaganda na kupasua injini, kisha kila asubuhi umnyweshe ya moto ndipo awake. Lakini akigoma najua pa kumshika. Hili jeupe likigoma katikati ya theluji nitafanya nini? Nitalibembeleza kwa Kijapani?

Hofu hiyo haikuchukua hata saa moja kutimia. Mama alikuwa amebeba chupa ya maziwa kutoka nyumbani. Unamjua, haondoki mtu mbele yake bila kunyunyiziwa maziwa ya baraka. Kabla hatujalijaribu akayanyunyizia magurudumu yote manne, akaona haitoshi, akalimwagia na kwenye paji la uso, pale juu kabisa ya kioo cha mbele. Tuvshin akatabasamu akijua biashara imekwisha, maana nani anabariki gari la mtu mwingine?

Tulikuwa tumeuacha mji kama kilomita kumi, upepo unavuma, maziwa yameshaganda, mara taa za njano zikawaka kila mahali. Kengele ikalia bila kukoma. Yule mwanamke wa Kijapani akarudia maneno yaleyale, tena na tena. Nikasimama. Tuvshin akabonyeza hiki na kile, jasho likimtoka kwenye baridi ile, akampigia fundi wake aliyeko Ulaanbaatar. Fundi akasema labda ni kompyuta, labda ni betri, gari liletwe huko akalipime. Ulaanbaatar, dada! Kilomita elfu moja kwa ajili ya kengele. Nikamtazama Zolzaya. Kaushika mlango kwa mikono miwili, uso hauna damu, na nikajua alikokuwa kimawazo. Alikuwa kwenye ile asubuhi ya baba.

Aliyetuokoa ni Mama. Alishuka taratibu, akalowesha mkono wa joho lake kwa chai ya chupa, akalisugua gari paji la uso kama anayemfuta mtoto kamasi. Kengele ikanyamaza. Kumbe pale juu ndipo lilipo jicho lake, kamera inayotazama barabara, na maziwa ya baraka yalikuwa yamelipofusha. Tuvshin alicheka mpaka machozi. Kisha, ili kurudisha heshima ya gari lake, akaanza kulisifu kwamba halisahau kitu. Ulifunga mkanda au hukufunga, ulisinzia, breki ulikanyaga lini, vyote vinabaki humo, na fundi mwenye mashine anavisoma kama kitabu. "Hapa dereva hana pa kudanganyia, kaka," akasema, akanipiga bega. Nilicheka naye. Kisha, dada, nikaondoa mikono kwenye usukani.

Tuliporudi nyumbani hakukukalika. Chuluun, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, alikuja kunywa chai na kutukejeli. Akasema kama maziwa ya bibi tu yamelitia gari wazimu, sijui litakuwaje likirukiwa na kinyesi cha ng'ombe yaki. Zolzaya akamjibu bila kugeuka, "Bora lenye wazimu likapiga kelele, kuliko lenye akili lililonyamaza mzee akifa." Chuluun akamaliza chai yake akaondoka.

Mama yeye alikuwa na neno moja tu: Mrusi hana kosa. Alilisema siku ya kwanza, akalisema ya pili. Siku ya tatu Zolzaya akashindwa kuvumilia, akamwambia kwamba tunajua anaipenda kumbukumbu ya marehemu, lakini kumbukumbu haimfikishi mzazi hospitali. Tangu hapo wakawa wanapitishiana bakuli bila kutazamana, na hema likawa dogo. Zolzaya akaapa kwamba mwezi wa kwanza ukifika na Mrusi yuko pale mlangoni, atazalia hapohapo juu ya zulia, potelea mbali. Huku nyuma Tuvshin ananisukuma. Kuna mfugaji wa wilaya ya pili analitaka, nimpe jibu kabla ya tarehe kumi. Mimi katikati sikuwa nalala. Kila mmoja alidhani naogopa zile waya.

Dada, sikuwa naogopa waya. Keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Siku ile kabla ya msiba nilikuwa kwa Chuluun. Walikuwa wanashindana mchezo wa kurusha vifupa vya vifundo vya miguu ya kondoo, na vodka ilikuwepo. Nilirudi jioni na Mrusi, kichwa kizito. Baba alikuwa kalala, kifua kinambana, maana kazi ya kumwaga maji ya Mrusi alikuwa akiifanya mwenyewe na jioni ile hakuweza kuinuka. Akaniuliza, "Umemwaga maji?" Nikamjibu, "Nimemwaga." Sikuwa nimemwaga. Nilitaka kukaa karibu na jiko kidogo tu, kisha nitoke. Nikalala na buti zangu.

Alfajiri baba alianza kukoroma vibaya. Zolzaya akachemsha maji, nikatoka mbio na ndoo. Nilipofungua rejeta nikakuta barafu mpaka juu. Injini ilikuwa imepasuka ubavuni, ufa unaingia kidole. Nilisimama pale na ndoo ya maji ya moto mkononi, dada, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuyamwaga mbali, kwenye theluji, asije mtu akaona kwamba hayana pa kuingia. Kisha nikapiga kelele kwamba injini imekufa, gari bovu, gari limetusaliti. Lori la Chuluun lilikuwa safarini, nikapanda farasi wake hadi kilimani kupiga simu. Mengine unayajua. Gari la hospitali lilifika saa nne, na baba alikuwa ameshaondoka.

Watu wote mkaamini. Wewe ulilia kwenye simu ukimlaani Mrusi, nami nikakuitikia. Ile injini niliing'oa mwenyewe na kuitupa kwenye korongo kavu, nikafunga nyingine iliyotoka kwenye lori la pili la Chuluun, lile bovu. Ulipotuma hela nilitaka na sikutaka. Tukinunua jipya, Mrusi atauzwa vipande na kosa langu litaondoka naye. Lakini kila nikifikiria kulikalia lile jeupe nasikia sauti ya Tuvshin ikisema dereva hana pa kudanganyia.

Juzi jioni nilikuwa nje namaliza kazi za siku. Mama akatoka na fimbo yake, akasimama karibu na Mrusi, akaniuliza, "Umemwaga maji?" Maneno yaleyale ya baba, sauti ileile ya polepole. Nilikuwa nimeyamwaga, tena nilikuwa nimeyamwaga kweli. Lakini nilipiga magoti kwenye theluji nikamwambia yote.

Mama hakushtuka. Alisema, "Asubuhi ile nilitoka na chai ya kwanza kuipa mbingu sehemu yake, kama kila siku. Nikatazama chini ya gari. Kila siku ya baridi pana barafu pale, ya maji yaliyomwagwa jioni, tangu ninyi watoto. Siku ile palikuwa pakavu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba angesema siku ile angepoteza wawili kwa siku moja. "Nikangoja useme mwenyewe," akasema. "Nimengoja miezi kumi, mwanangu, nawe ukaenda kununua gari."

Jana wakati wa kuwatoa kondoo zizini nikamwambia Zolzaya. Nilitegemea matusi, nayo ningeyapokea. Alihesabu kondoo mpaka wa mwisho akatoka, kisha akasema, "Kumbe siyo gari." Nikasema siyo gari. Akafunga lango. Akaniambia mwezi wa kumi na mbili ukianza tu atahamia makao ya wilaya pamoja na Mama, akasubirie siku zake karibu na hospitali. Atapanda Mrusi huyuhuyu, hana shida naye, ila usukani ataushika Chuluun. Nikasema Chuluun naye anakunywa. Akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Anakunywa. Lakini akinywa husema kanywa."

Sijitetei kwake, dada, wala kwako. Tuvshin nimemtumia neno kwamba amuuzie yule mfugaji mwingine. Hela zako ziko zote kwenye sanduku la Mama. Ulizituma kwa sababu ya uongo wangu, kwa hiyo siwezi kuzigusa mpaka ujue ukweli. Ukishasoma haya na bado ukasema tununue, tutanunua, na ataendesha atakayemtaka Zolzaya. Ukisema tukurudishie, utarudishiwa. Naomba jambo moja tu: usimlaani tena Mrusi. Hakumuua mtu.

Leo asubuhi Mama alitoka na chai yake, akairushia mbingu, na Zolzaya akatoka nyuma yake. Wote wawili wakainama kutazama chini ya gari. Barafu ilikuwepo, pana na nyeupe, mahali pake. Zolzaya aliigonga kwa ncha ya buti kuhakikisha ni ngumu, akarudi ndani. Najua kesho wataangalia tena.

Nitapanda kilimani kila Jumapili saa sita mchana. Ukipiga nitapokea, hata watu wakiwa wamejaa, na unitukane upendavyo. Usipopiga pia nitapanda.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi za sufu alizokutumia na usimpe mtu. Zolzaya naye anakusalimu. Mtoto anarusha mateke sana, hasa jioni. Uwe na afya, dada yangu, na baridi ya huko ikupitie mbali.

Ni mimi mdogo wako, niliyemwambia baba nimemwaga,

Baljir